Kisanduku Kisichoshika Stesheni

4 Februari

Kwa Mwenye Duka la Visanduku,

Salamu. Mimi si mtu wa kulalamika, ila hili limenizidi.

Nilinunua redio yenu ya kuunda mwenyewe kwa mchuuzi wa mitumba, nje ya geti la hospitali ninakofanya kazi ya kupiga pasi mashuka. Boksi lilikuwa limechanika, maandishi ya juu hayasomeki, mchuuzi akasema ni redio, lakini ndani vifaa vyote vilikuwemo, pamoja na kijitabu cha maelekezo chenye anwani yenu. Nikajiambia, mama, ukishindwa hii utakuwa umepata angalau waya za kuanikia soksi.

Sikushindwa. Nimeunda jioni baada ya jioni kwenye meza ya jikoni, kwa chuma cha kulehemu nilichoazima kwa fundi umeme wa hospitali. Kila kiungo nimekikagua kama kijitabu kilivyosema. Jana nikatia betri. Taa nyekundu ikawaka. Nikazungusha kitufe nitafute stesheni. Hakuna stesheni. Hakuna taarifa ya habari, hakuna mahubiri, hakuna hata tangazo la sabuni. Kuna mngurumo mmoja tu, kama wa ng'ombe aliyefungiwa chooni. Ukizungusha kulia anapanda, ukizungusha kushoto anashuka. Nimemzungusha mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilitaka redio kwa sababu nyumba yangu ina mtu mmoja tu, na huyo mtu mazungumzo yake nimeyachoka. Niambieni nilipokosea.

Ni mimi,
Mpiga Pasi


15 Februari

Dada Mpiga Pasi,

Barua yako imenichekesha, na humu ndani kicheko kilikuwa kimeadimika. Hukukosea popote. Hiyo si redio, dada yangu. Ni sinthesaiza. Ni ndugu yake kinanda, isipokuwa haina vibao vya kubonyeza. Haishiki sauti ya mtu mwingine, inatengeneza ya kwake kutokana na umeme. Huyo ng'ombe umemzaa mwenyewe.

Kazi hii tunaifanya mimi na mke wangu, hapa hapa nyumbani. Yeye ndiye mchoraji wa saketi, zile njia za umeme, na kijitabu ni maneno yake. Mimi natoboa visanduku, napaka rangi na kwenda posta. Ukipenda, kirudishe nikutafutie redio ya kweli.

Lakini kabla hujakifunga, nisikilize. Weka kitufe cha kwanza katikati. Kisha kile cha tatu kizungushe taratibu, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Halafu uniandikie.

Wako,
Mzee wa Visanduku


27 Februari

Kaka Mzee wa Visanduku,

Sirudishi ng'o!

Nilifanya ulivyosema. Mwanzo sauti ilikuwa imefunikwa, kama mtu anaongea na blanketi mdomoni. Nikazungusha. Blanketi likaanza kutoka, pole pole, sauti ikachanua mpaka kijiko kilichokuwa kwenye glasi kikaanza kuimba nayo. Kaka, nilijishika mdomo. Mtu mzima na mvi zangu, nimesimama jikoni nimejishika mdomo.

Kazini tuna mashine kubwa ya kunyoosha mashuka. Inanguruma kutwa, tunaongea kwa ishara kama mabubu, na nikifika nyumbani ule ukimya unanipiga kama kofi. Juzi nikaitafuta sauti ya ile mashine kwenye kisanduku, nikaipata ile ile. Kisha nikaishusha, nikaishusha, mpaka ikawa kama paka anayesinzia. Miaka yote hiyo nimeichukia, kumbe nilichokuwa nataka ni kitufe tu.

Mpe mkeo shikamoo yangu. Kuna mahali kwenye kijitabu ameandika: "Kiungo kizuri hung'aa kama kijiko kilichooshwa. Kikiwa na rangi ya majivu, rudia, na usijitukane." Mimi kujitukana ndiyo desturi yangu. Nilisoma sentensi hiyo nikaweka chuma chini kwanza.

Sasa swali, na hili ni lake. Kikipata moto, sauti inahama yenyewe. Naiweka hapa, naenda kuchemsha chai, nikirudi imeshasogea kama mgeni asiyejua kukaa. Dawa yake nini?

Halafu niletee kile kikubwa zaidi, chenye vibao. Mwanangu yuko ng'ambo kikazi, atakuja likizo ya katikati ya mwaka. Nataka nimshangaze.

Mpiga Pasi


10 Machi

Dada Mpiga Pasi,

Kikubwa hicho nimekifunga mwenyewe, utakipata pamoja na barua hii. Vifaa vidogo viko kwenye pakiti, usivimwage kitandani.

Kuhusu sauti kuhama, mke wangu anasema umeme wako ni mdogo. Achana na betri, tumia umeme wa adapta yenye nguvu zaidi, hata ile ya kuchajia kompyuta inafaa. Anakusalimu sana. Ana shughuli nyingi kwa sasa, ndiyo maana naandika mimi.

Mzee wa Visanduku


24 Machi

Mzee,

Nimeunguza.

Nilichomeka adapta kama nilivyoambiwa. Kisanduku kikatoa mlio mmoja mkali, kisha kile kijidude cheusi chenye miguu kama mende kikapasuka mgongo na kutoa moshi. Nimekaa nikaunusa ule moshi mpaka ukaisha. Utasema ni kitu tu. Sawa, ni kitu. Lakini kilikuwa ndicho kinachonijibu nikirudi kazini.

Nikarudi kwenye kijitabu. Ukurasa wa mwanzo kabisa, herufi kubwa: "Betri moja ndogo, basi. Usikipe chakula cha tembo kitu kisichozidi kuku." Sasa niambie, mtu aliyeandika hivyo ndiye huyo huyo aliyesema nitumie adapta ya kompyuta?

Mimi mkeo simjui, lakini maneno yake nimekaa nayo jioni nyingi. Yeye hasemi "umeme wako ni mdogo" halafu akanyamaza. Angenieleza kwa nini, angenitania kidogo, angeniambia nikanywe chai. Aliyejibu si yeye. Kama ana shughuli, angesema subiri, ningesubiri. Kwa nini unilishe maneno ambayo si yake?

Mpiga Pasi


2 Aprili

Dada,

Umenikamata.

Mwaka jana mke wangu alipata kiharusi. Alikuwa amesimama karibu na jiko ananiambia habari ya skrubu, akafika katikati ya neno, neno halikuisha. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Miguu ni mizuri kiasi. Akili, daktari anasema iko mahali pake. Lakini maneno hayatoki. Hutoka moja moja, tena mara nyingi si lile alilolitaka. Akitaka maji husema "jumatatu". Anajua amekosea, ninamwona anavyojua. Siku hizi hajaribu tena. Anakaa dirishani.

Tumeishi naye maisha marefu, na aliyekuwa anaongea ni yeye. Mimi nilikuwa wa kuitikia tu. Sasa nyumba nzima imekosa mwanzishaji.

Barua yako ilipotaka jibu lake, sikuweza kuandika kwamba hasemi. Nikajibu kwa niaba yake, nikakisia. Saketi sizijui, dada, mimi ni wa mbao na rangi. Nimekuunguzia kifaa chako, naomba radhi. Kijidude kingine nimekiweka ndani ya bahasha.

Visanduku vilivyobaki nilikuwa nafikiria kuvigawa, nifunge kazi.

Mzee wa Visanduku


9 Aprili

Kwa Mwandishi wa Kijitabu, asomewe na mumewe, naye asiongeze wala asipunguze,

Shikamoo dada yangu.

Mimi ndiye niliyemwita ng'ombe wako redio. Pole kwa maradhi. Sitaandika pole nyingi maana najua zimekujaa.

Nina shida. Sauti ya kisanduku inahama kikipata moto. Mumeo alinipa dawa yake, ikanitolea moshi, kijidude kipya nimeshatia, nimemsamehe. Sasa nakuuliza wewe. Huna haja ya kusema neno. Nimechora ubao mzima kwenye karatasi hii, kila kifaa mahali pake. Mzee akuwekee mapajani pamoja na penseli. Niwekee alama penye ugonjwa. Kama swali langu ni la kijinga, piga mstari juu ya karatasi nzima, nitaelewa.

Na wewe Mzee, usifunge kazi kabla sijamaliza kile kikubwa. Ukifunga, nitamwuliza nani?

Mpiga Pasi


23 Aprili

Dada Mpiga Pasi,

Kaa chini nikusimulie, maana nimekuwa nikimtafuta wa kumsimulia.

Nilimsomea barua yako pale dirishani. Shikamoo yako aliipokea kwa nyusi. Nilipofika kwenye ng'ombe, bega likatikisika. Nikamwekea mchoro mapajani na penseli mkono wa kushoto, nikaenda kuosha vyombo ili nisimsimamie kichwani.

Niliporudi alikuwa amezungushia duara vile vidude viwili vyenye miguu mitatu mitatu, transista. Nikamwuliza, "Vimeungua?" Akatikisa kichwa. "Vigeuzwe?" Akatikisa kichwa, safari hii kwa hasira. Kisha akainua ule mkono wake mzima, akabananisha vidole viwili, akanionyesha. Nikadhani anataka nimshike mkono. Nikamshika. Dada, alinipiga kofi la mkono! Akabananisha tena vidole, akaangalia mchoro, akaniangalia mimi kama anavyoangaliwa mwanafunzi mzito. Akasema, "Jumatatu! Jumatatu!" Kisha akaanza kucheka mwenyewe, na mimi nikacheka, na tukacheka mpaka nikalazimika kumfuta machozi.

Mwishowe nikaelewa. Hizo transista mbili zisikae mbalimbali. Zigusane mgongo kwa mgongo, uzigandishe kwa gundi. Zikipata joto zipate joto moja, sauti haitahama.

Baadaye alisema neno "gundi". Wazi kabisa, lenyewe hasa alilolitaka. Nilitoka nikaenda kusimama uani peke yangu kidogo.

Tuma swali lingine. Hata kama unalijua jibu, tuma.

Mzee wa Visanduku


8 Mei

Kwenu nyote wawili,

Haihami! Nimeiwasha, nikafua, nikapika, nikafagia mpaka chini ya kitanda, nikarudi. Ipo pale pale kama askari wa zamu.

Na kikubwa nacho kimekamilika. Waya zangu si nadhifu, dada, ukiziona utasema ni nywele za mtu aliyeamshwa. Lakini kinaongea. Kuna mkao mmoja, vitufe viwili vikielekeana, kinatoa sauti karibu na ya mtu. Si maneno, ni ile "aaa" ya mtu anayetaka kukumbuka jina. Nikabonyeza kibao kimoja, nikangoja, nikabonyeza kingine. Sijui muziki. Wimbo wowote niliojaribu ulikataa. Basi nikaacha nyimbo, nikawa nazifuata tu sauti ziendako. Nilipoinua kichwa, chai ilikuwa imepoa na giza limeingia bila mimi kujua. Kwa kawaida giza likiingia najua, tena sana.

Nimeinasa kidogo kwenye simu ya fundi umeme wetu, akaihamisha kwenye hii kanda ndogo. Isikilizeni.

Swali kwa dada: kibao cha mwisho kinakoroma. Mchoro ndani.

Jambo jingine, nalisema kwenu kwa kuwa hamnijui sura. Mwanangu haji katikati ya mwaka. Nilipowaandikia nilikuwa nimeshaambiwa. Hata mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo. Nikiulizwa kazini nasema anakuja, na ninasema vizuri mpaka naanza kufagia chumba chake.

Mpiga Pasi


12 Juni

Dada yetu,

Kanda yako inachezwa hapa kila siku. Pale kwenye "aaa", mke wangu huitikia. Anaitikia kwa sauti, si kwa neno, na sauti haikwami popote. Kumbe kilichokatika ni maneno tu.

Siku hizi asubuhi yuko mezani. Anapanga rezista, vile vidude vyenye mistari ya rangi, kwa mkono wa kushoto, kwa rangi zake, na nikikosea pakiti ananirushia. Jibu la kibao kinachokoroma liko kwenye mchoro: kiungo kimoja kina rangi ya majivu. Chini yake ameandika mwenyewe. Ni herufi za mtoto wa shule, lakini unaweza kusoma: "Usijitukane."

Mimi kifua kinanibana kidogo. Vumbi la mbao tu.

Habari ya mwanao tumeisoma pamoja. Sisi hatukujaliwa mtoto. Lakini nakushukuru kwa kutuambia.

Mzee wa Visanduku


6 Julai

Kwenu,

Kiungo nimekirudia, koromo limekwisha. Ujumbe wa dada nimeukata nikaubandika ukutani kazini, juu ya pasi yangu. Msimamizi aliuliza maana yake, nikamwambia ni mambo ya kiufundi.

Vumbi gani la mbao linabana kifua muda wote huo, Mzee? Nenda kapimwe.

Mpiga Pasi


3 Agosti

Kwenu,

Nimeandika mara mbili na posta haijaniletea kitu. Labda mna maagizo mengi, na kama ni hivyo nafurahi. Labda barua zimepotea.

Nimemaliza maswali ya kweli, kwa hiyo nauliza hili tu: hamjambo?

Mpiga Pasi


19 Agosti

Mpiga Pasi,

Mkono wa kushoto. Samahani mwandiko.

Mzee hayupo. Kifua. Si vumbi. Alijua, alinificha. Alifia karakana, mchana, brashi mkononi. Rangi ya kijani.

Nilipiga kelele. Jirani alikuja. Aliniuliza nini, nini. Nikasema jumatatu. Nilikuwa namwona pale sakafuni na nasema jumatatu.

Wamezika. Watu wengi. Wote wameondoka.

Mpwa wa Mzee mzuri. Anasema niende kituo cha wazee. Nimeona. Safi. Vitanda vingi. Meza hakuna. Chuma cha moto marufuku.

Kanda yako nacheza. Betri inaisha.

Mwandishi wa Kijitabu


28 Agosti

Dada yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye lango la posta, nikairudia hapo hapo watu wakinipita. Mtu akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo, kaka yangu. Sikuwahi kumwona usoni, lakini jibu jingine halikunijia.

Sasa nisikilize, na sikuandikii haya kwa huruma.

Nyumba yangu ina chumba cha mwanangu. Kitanda kimetandikwa, shuka nazipiga pasi mwenyewe kila mwezi, hakuna anayelala. Juzi nilimpigia simu. Nikamwuliza, "Utakuja kuishi hapa tena?" Akasema, "Mama, si unajua." Nikamwambia, "Najua. Nilitaka ulitamke." Akasema, "Siji, mama. Maisha yangu yako huku." Alikuwa analia. Nikamwambia asilie, nikamwuliza hali ya mkewe, tukaongea vizuri kuliko tulivyowahi kuongea. Nilipokata simu nikaingia kile chumba, nikatoa viatu vyake vya shule chini ya kitanda, nikampa mtoto wa jirani. Nililia, ndiyo. Halafu nikapima ukuta.

Meza inaenea, tena kubwa. Fundi umeme atatia soketi mbili na taa. Mimi mchana niko kazini, kwa hiyo mchana ni wako. Jioni narudi nina maswali. Zile transista na rezista zote, na visanduku ambavyo Mzee hakuvimaliza kupaka, vije. Nyumba yenyewe si kubwa, ngazi ni fupi, jirani ni mwenye kugonga kuta lakini ameshazoea.

Sikuahidi furaha. Mimi mwenyewe ni mtu wa kununa asubuhi. Lakini njoo, dada yangu.

Mpiga Pasi


14 Septemba

Mpiga Pasi,

Nimesoma. Nimelia. Halafu njaa, nikala.

Nakuja. Mpwa ataleta na gari. Jumamosi ya mwisho. Mizigo mingi, usishtuke. Vyombo vya Mzee pia. Rangi zake pia.

Usiku nitamlilia. Niache. Usigonge.

Asubuhi gonga.

Huku watu wananisemesha polepole, kama mtoto mchanga. Wewe usithubutu.

Dada yako,
Mwandishi wa Kijitabu